Uzi Ukishashiba

Mlango wa chumba cha hadubini ulikuwa na vibao vitatu. Cha kwanza kilikataza viatu, cha pili kilikataza simu, cha tatu kilimkataza mtu yeyote asiyehusika. Mwanamke aliyevipangusa vumbi vibao hivyo kwa miaka kumi na mmoja alikuwa, kwa mujibu wa karatasi za ajira, asiyehusika. Kila asubuhi akimaliza kuvipangusa alivua viatu, akaingia, akawasha mashine.

Jengo zima lilimwita Mama Uzi. Kwenye orodha ya wafanyakazi aliandikwa mfagiaji, na kufagia alifagia: korido mbili, ngazi, vyoo vya ghorofa ya chini, na ofisi saba pamoja na ndoo zake za taka. Lakini kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi ufagio ulisimama kwenye kona, na mwenyewe alikuwa ndani anauwasha uzi.

Hadubini hiyo haikuwa ile ya kuinamia na kufumba jicho moja. Ilikuwa mnara wa chuma unaomfikia mtu kifuani, na kando yake meza yenye skrini. Juu kabisa ya mnara kulikuwa na kitu walichokiita bunduki, neno ambalo wiki yake ya kwanza lilimfanya afagie chumba kile akiwa amesimama karibu na mlango. Ndani ya bunduki mlikuwa na uzi: kipande cha waya wa tungsteni, mwembamba kama unywele, kilichokunjwa kama kibanio cha nywele. Ncha ya mkunjo ilikaa nyuma ya tundu la kofia ndogo ya chuma. Pampu ilinyonya hewa yote, uzi ukapashwa moto hadi ukawa mweupe, na elektroni zikaruka kutoka kwenye ile ncha kama mafuta yanavyoruka kwenye kikaango. Zilishuka mnarani, zikakipiga kilichowekwa chini, na kwenye skrini mguu wa mbu ukaonekana kama gogo lenye miiba.

Hakuna picha bila uzi. Na uzi una tabia zake.

Unaanza na umeme mkubwa, halafu ndiyo moto. Swichi ya moto ilikuwa ya kuzungusha, ina alama kumi pembeni. Kulikuwa na mshale wa kuonyesha elektroni zinazotoka, ila ulikufa zamani na hakuna aliyeutengeneza, kwa hiyo kilichobaki ni macho. Unazungusha kidogo, unangoja. Skrini nyeusi inakuwa ya kijivu. Unazungusha tena, picha inang'aa ghafla, vizuri kabisa, kisha inafifia kidogo. Hapo mtu mwenye haraka hupiga makofi na kuacha. Picha yake itachezacheza siku nzima kama taa ya jenereta bovu. Mwenye subira anaendelea. Picha inapanda tena, inapanda, halafu inatulia. Unaongeza punje moja, haibadiliki. Hapo uzi umeshiba. Unarudisha ile punje na unatoa mkono.

"Ukishashiba," fundi aliyemfundisha alizoea kumwambia, "chochote unachoongeza hakiendi kwenye picha. Kinakwenda kuuchimbia kaburi."

Fundi huyo walimwita Mzee Kibano, kwa sababu kibano chake hakikutoka mfukoni mwa shati hata siku ya harusi ya mwanawe. Ule mng'ao wa kwanza, wa uongo, aliuita danganya toto. Alikuwa mkali, mwenye kununa, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Mikono inayotetemeka haiwezi kuweka uzi katikati ya tundu la kofia. Ukienda pembeni kwa upana wa vumbi, picha inakuwa giza upande mmoja. Kwa miezi Mzee Kibano alivunja uzi mmoja kwa kila mbili alizozipanga, akawalaumu wenye kiwanda.

Siku moja mfagiaji alimwona akihangaika, akasema, "Lete."

"Nilete nini? Unadhani ni sindano hii?"

"Sindano nimewatungia mabibi wa mtaa mzima. Lete, baba, kabla hujautia mfukoni."

Alikuwa amesuka nywele tangu utoto, zile nyembamba za kuhesabu, zinazomaliza siku mbili. Akashika kibano, akainamia lenzi, akauweka uzi katikati, akakaza skrubu nne kwa zamu, moja robo, nyingine robo, mpaka zote zikakubali. Mzee aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulirudia: "Sawa."

Baada ya hapo alimfundisha mengine, kwa matusi madogo madogo. "Unazungusha swichi au unakamua nguo?" "Taratibu! Uzi si mume wako, haujakukosea." Mwanamke alicheka kwa hilo la mwisho, kicheko kifupi. Mume alikuwa amemkosea sana, ila Mzee Kibano hakuwa anajua.

Hadithi ya mume haina urefu. Mwanamke hakwenda shule, kwa sababu kwao walisoma kaka zake. Akaolewa na kijana mwenye akili na asiye na karo. Alisuka nywele miaka sita, mume akasoma. Siku aliyopata kazi ya ofisini alinunua suti, na kabla suti haijafuliwa mara ya pili akagundua kwamba mke wake hakusoma. Alimwachia binti mmoja na kiti. Kiti kilikuwa kibovu.

Mzee Kibano alipostaafu aliandika barua kusema kwamba bunduki ya hadubini ikabidhiwe mfagiaji, kwa kuwa hakuna mwingine anayeiweza. Barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri, ikakaa. Baada ya miezi mitatu alikuja fundi mpya mwenye vyeti kwenye bahasha ya plastiki, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayevaa miwani juu ya paji la uso kama vile zinazoona ni nywele zake. Wakamwita Miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi. Mtu mbaya angemfukuza chumbani siku ya kwanza, likaisha.

Miwani alimkuta anapanga uzi, akatabasamu. "Ah, mama, kumbe unajua! Basi endelea, endelea." Akaendelea. Kulikuwa na daftari kubwa lenye mstari kwa kila siku, na safu moja iliandikwa *Aliyepanga na kuwasha*. Miwani alitia sahihi yake hapo, nzuri, yenye mkia. Siku ya kwanza, ya pili, miezi ishirini na miwili.

Tena alimwomba amweleze hatua zote, moja moja, akiandika kwenye kompyuta. Akamweleza, pamoja na danganya toto. Karatasi ikatoka, ikafunikwa plastiki, ikabandikwa ukutani juu ya swichi. Mwanamke aliipiga picha kwa simu, ingawa simu zilikatazwa, akampelekea binti yake aliyeolewa mji mwingine. Binti akapiga jioni ile.

"Mama, wameandika vizuri. Hata ile ya kuzungusha punje moja ipo."

"Jina?"

"Jina gani?"

"La aliyesema hayo maneno. Angalia chini kabisa."

Binti akaikuza picha. "Chini kabisa kuna jina la mwanamume."

"Haya. Mwanao wa tumboni anacheza?"

"Mama, waachie mashine yao. Kwani ni ya baba yako?"

"Ingekuwa ya baba yangu wangepewa kaka zangu," alisema mwanamke, na wakazungumza mengine.

Kitu kimoja Miwani hakukijua, kwa sababu hakikuwahi kumpitia akilini: kopo la biskuti. Lilikaa kwenye kabati la mifagio, nyuma ya sabuni. Mzee Kibano alimfundisha kutotupa uzi uliokufa kabla ya kuusoma. Kuna uzi uliokufa kwa uzee: umekonda pole pole mpaka ukakatika, na pale ulipokatika ni pembamba, kama peremende iliyonyonywa. Kuna ulioliwa na hewa, mtu alipowahi kufungua bunduki kabla haijapoa: huo unabadilika rangi na kutoa unga. Na kuna uliounguzwa: pale ulipokatika chuma kimeyeyuka na kujikusanya, kukawa na kitone cha mviringo, kama chozi lililoganda. Mkono hauwezi kuuficha huo. Kila uzi uliokufa mwanamke aliubandika kwenye kipande cha boksi la dawa, akachora alama ya aliyeuwasha. Bakora ilikuwa Mzee Kibano. Ufagio ulikuwa yeye. Baada ya Mzee kuondoka kulikuwa na fagio tupu, zote zimekufa kwa uzee, hakuna hata mmoja uliokufa kabla ya siku ishirini za kazi.

Kisha binti akakaribia kujifungua, na mama yake akaomba likizo ya wiki mbili. Kabla ya kuondoka alipanga nyuzi tatu kwenye kofia zake, akazifunika, akazipanga mezani. Moja ingetosha. Alipanga tatu kwa sababu hakumwamini Miwani, ingawa hakusema hivyo. Alisema, "Ni za akiba."

Mjukuu alikuwa wa kike, mwenye sauti kubwa. Mwanamke aliporudi kazini alizikuta kofia zote tatu tupu.

Alifanya kazi yake. Alifagia korido, akasugua ngazi, akamwaga ndoo za taka za ofisi saba. Ndoo ya Miwani aliimwaga juu ya gazeti. Chini ya maganda ya machungwa na karatasi za biskuti alizikuta zote tatu. Alizipeleka kwenye lenzi alipokuwa peke yake. Kitone. Kitone. Kitone kikubwa zaidi. Akachukua vipande vitatu vya boksi, akachora miwani mara tatu, akafunga kopo. Hakusema neno. Alikuwa na uzoefu wa kusema neno na kutosikilizwa.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, aliitwa kwa Mkuu.

Mkuu wa maabara alikuwa mwanamke mfupi, karibu na kustaafu, asiyependa vikao. Mbele yake kulikuwa na daftari kubwa na kisanduku chenye uzi mmoja, wa mwisho. Sanduku jipya lingechukua miezi mitatu kufika. Sampuli za watu arobaini zilikuwa kwenye rafu zikisubiri picha. Miwani alikaa kwenye kiti cha pembeni, magoti pamoja. Mwanamke aliachwa amesimama, si kwa ubaya, ila kiti cha tatu kilikuwa na mafaili.

"Mama," alisema Mkuu, "nyuzi tatu zimekufa kwa siku tisa. Fundi anasema ulizipanga wewe."

"Nilizipanga mimi, Daktari."

"Anasema zilipangwa vibaya. Zikaungua."

Mwanamke alimtazama Miwani. Miwani alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaifuta, akairudisha palepale.

"Sisemi ulifanya kusudi, mama," alisema. "Ni kazi ya utaalamu. Mimi ndiye niliyekosea kukuachia. Nimeandika kwamba uhamishiwe bweni la wanafunzi, kule kazi ni nyepesi. Na ufunguo..."

"Ufunguo weka mezani kwanza," Mkuu alisema, "mpaka tujue."

Akauweka. Ulikuwa umefungwa kwa uzi wa kusukia, mweusi. Miaka kumi na mmoja ulikuwa shingoni mwake, na sasa ngozi pale ulipokaa iliona baridi. Bweni lilikuwa na vyoo ishirini na nne. Lakini si vyoo. Vyoo alivizoea. Ilikuwa kwamba kuanzia kesho, saa mbili asubuhi, angekuwa popote pale isipokuwa mbele ya ile swichi.

Mkuu alifungua daftari. Alikuwa mtu wa kusoma hadi mwisho, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumwendea Miwani mrama.

"Hizi tatu umesaini wewe. Aliyepanga na kuwasha."

"Nilisaini kwa niaba, Daktari."

"Kuwasha aliwasha nani?"

"Kuwasha ni mimi. Kupanga ni yeye. Nilisaini tu kwa utaratibu."

Mkuu akafunua nyuma. "Na huu wa mwezi uliopita? Siku ishirini na sita."

"Huo... aliupanga yeye."

"Akauwasha?"

"Akauwasha."

"Na huu?"

"Nao."

Mkuu alifunua kurasa kwa kidole kilicholowekwa ulimi, na kila alipouliza Miwani alijibu, sauti ikishuka. Kwa kujitoa kwenye nyuzi tatu ilimbidi amrudishie mwanamke nyuzi za miezi ishirini na miwili, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa vitu mifukoni mbele ya askari. Mwanamke alisikiliza. Alidhani ingempa raha zaidi.

"Kwa hiyo alizipanga vizuri miaka miwili," Mkuu alisema, "akazipanga vibaya alipokuwa anakwenda likizo."

"Haraka, Daktari. Alikuwa na safari."

"Mama, una la kusema?"

"Nina kopo," alisema mwanamke.

Kopo likaletwa. Vipande vya boksi vikapangwa mezani, fagio upande mmoja, miwani upande mwingine. Mkuu aliinama na lenzi ya mkononi, akaisogeza mbele, akaisogeza nyuma, akakiri kwamba macho yake yalikuwa yamekula chumvi nyingi. "Naona waya zilizokatika. Kitone gani?"

"Lenzi ya mkononi haithibitishi kitu," Miwani alisema haraka. "Na hizo alama kachora mwenyewe. Angeweza kuchora ndizi."

"Ningechora ndizi kama ungekuwa unavaa ndizi kichwani, mwanangu."

Mkuu alikohoa, kikohozi kilichofanana na kicheko. Akasimama. "Tuziweke kwenye hadubini yenyewe. Uzi mmoja wa kwake, mmoja wa kwako, tuone. Mama, panga huu wa mwisho, mimi nikiangalia. Nikiona kasoro nitasema. Kisha wewe," akamgeukia Miwani, "utauwasha."

Hivyo ndivyo uzi wa mwisho ulivyojikuta unatumwa kwenda kuwatazama wenzake waliokufa.

Mwanamke aliupanga huku Mkuu amemkaa begani, akipumua. Alizungusha skrubu nne kwa zamu. Mkuu aliangalia kwenye lenzi kubwa ya mezani, akasema, "Upo katikati." Zile mbili zilizokufa zikabandikwa juu ya utepe mweusi, zikawekwa chini ya mnara. Pampu ikanguruma robo saa. Taa ya kijani ikawaka. Miwani akaketi, akakunja mikono ya shati.

Akatia umeme mkubwa. Akashika swichi ya moto.

Mwanamke alisimama nyuma, mikono imekunjwa juu ya aproni. Alitazama skrini, kisha mkono wa Miwani, kisha skrini tena. Alama ya pili. Ya tatu. Picha ikatokea, ya kijivu, iliyotulia. Ya nne. Ikabaki vile vile, kijivu, iliyotulia, haipandi, haishuki. Hakukuwa na danganya toto. Hakukuwa na kitu.

Hapo akakiona. Pembeni mwa skrini, chini, palikuwa na kijua kidogo cha njano. Mashine ilikuwa na uwezo wa kujirekebisha mwanga: ikiona picha inang'aa, inaifunika; ikiona inafifia, inaiongezea. Watu walikipenda kijua hicho wakati wa kupiga picha, kwa kuwa picha zote zilitoka sawa. Lakini kuuwasha uzi kijua kikiwa kimewaka ni kama kumuuliza mgonjwa hali yake huku umemziba mdomo. Uzi ulikuwa unapiga kelele, mashine inaizima ile kelele, na Miwani anasubiri kusikia. Kwenye ile karatasi ya ukutani hakikuandikwa. Yeye mwenyewe hakukitaja alipokuwa anaeleza, kwa sababu hakuwahi kukiwasha saa ile. Mkono wake ulikizima kila asubuhi bila kumwambia.

Alama ya tano. Nyuzi zote alizowahi kuziwasha zilishiba kati ya nne na tano.

"Bado haujapanda," Miwani alisema. "Mnaona? Umepangwa vibaya."

Tano na nusu.

Mwanamke hakusema. Tuwe wakweli, hakusema kwa makusudi. Alihesabu. Angenyamaza mpaka saba na uzi ungekatika hapo hapo, mbele ya Mkuu, mkono wa Miwani ukiwa kwenye swichi, na hakuna sahihi ya kwa niaba ambayo ingemwokoa. Ushahidi usingehitaji picha. Miaka sita ya kusuka nywele, miezi ishirini na miwili ya daftari, vyote vingelipwa kwa nukta moja na sauti ndogo ya kitu kinachokatika, ambayo kwa kweli haisikiki.

Alama ya sita.

Ila uzi ule alikuwa ameupanga yeye, dakika ishirini zilizopita, katikati kabisa. Na ukifa, mashine ingelala miezi mitatu, na ufunguo wa chumba cha mashine iliyolala ni ufunguo wa stoo.

"Toa kijua," alisema.

"Nini?"

"Hicho kijua cha njano. Kitoe."

"Mama, tafadhali, niko katikati ya..."

"Kitoe," alisema Mkuu.

Miwani akabonyeza. Skrini nzima ikawa nyeupe kama unga. Miwani alishtuka, mkono ukaruka kuelekea kwenye swichi kuu.

"Usizime! Ukipoa ghafla utakatika. Rudisha pole pole."

Miwani aliikamata swichi kwa mkono mzima, kama anayekamua nguo. Mkuu alisema, "Mpishe." Akampisha.

Mwanamke hakuketi. Alishika swichi kwa vidole viwili na kuirudisha punje kwa punje, anangoja, punje kwa punje. Nyeupe ikabaki nyeupe muda mrefu, kwa sababu uzi ulikuwa umeshavimbiwa na kurudisha hakukuonekana. Alipofika karibu na alama ya tano weupe ukaanza kulegea kidogo. Akaongeza punje moja. Akatoa mkono.

"Sasa punguza mwanga wa skrini," alimwambia Miwani, naye akapunguza, kama mtoto aliyetumwa.

Zikaonekana. Kushoto, uzi wa ufagio: ukubwa wa nguzo ya umeme, umekwaruzwa na moto, unakonda na kukonda hadi ncha kali. Kulia, uzi wa miwani: mnene, mzima, haujakonda popote, na mwisho wake donge la mviringo, laini, linalong'aa.

Mkuu alitazama kwa muda. Yeye alikuwa mtaalamu wa metali kabla hajawa mtaalamu wa vikao. "Hiki kimeyeyuka," alisema. "Kupangwa vibaya hakuyeyushi kitu." Kisha, "Na zile nyingine mbili?"

"Hivyo hivyo, Daktari."

"Ulizipata wapi?"

"Kwenye ndoo yake ya taka. Mimi ndiye ninayeimwaga."

Miwani alikuwa amevua miwani kabisa. Bila hiyo alionekana mdogo. "Sikujua," alisema. "Wallahi, mama, nilidhani ndivyo picha inavyokuwa. Nilikuwa nangoja ing'ae."

Mwanamke alimwamini. Kumwamini hakukubadilisha kitu.

Yaliyofuata yalikuwa madogo. Ufunguo ulirudi shingoni. Mkuu hakuomba radhi. Alisema, "Basi, kazi iendelee," na kwa cheo chake hayo yalikuwa maneno mengi. Barua ya bweni ilichanwa, na vipande vikaishia kwenye ndoo ambayo mwanamke aliimwaga jioni. Karatasi ya ukutani ilichapishwa upya, ikiwa na hatua mpya ya kwanza, *Toa kijua*, na chini kabisa jina lile lile. Miwani alibaki fundi, mfagiaji akabaki mfagiaji. Kilichobadilika ni ile safu ya daftari: Mkuu aliagiza kwamba anayewasha ajiandike kwa mkono wake. Kesho yake mwanamke alishika kalamu, akachora ufagio. Wakaguzi walipokuja waliuliza hiyo ni nini, wakaambiwa ni sahihi, wakaandika kwamba ni sahihi.

Uzi wa mwisho haukutarajiwa kuishi. Ulikuwa umeonja alama ya sita. Aliulea kama mgonjwa, moto wa kutosha tu, saa mbili kwa siku. Ulipiga picha za sampuli thelathini na saba kati ya arobaini. Jumanne moja asubuhi, kabla ya chai, skrini ikawa nyeusi kwa upole, na pampu ikaendelea kunguruma kama vile hakujatokea jambo.

Aliacha bunduki ipoe saa nzima. Akaifungua, akautoa uzi, akaupeleka kwenye lenzi. Umekonda, ncha kali. Kifo cha uzee, cha mapema kidogo.

Miwani alikuwa mlangoni, viatu mkononi. Alikiona kipande cha boksi la dawa na kalamu.

"Huo utachora nini, mama?" aliuliza. "Nauliza tu. Maana siku ile nilianza mimi."

Mwanamke alifikiri, kwa haki. Alama sita kati ya kumi zilikuwa za Miwani.

"Ulianza kuuwasha," alisema, "au ulianza kuuchoma?"

Mwanamke akachora ufagio, akaubandika uzi chini yake, akalifunga kopo, akaenda kufagia korido.